Jinsi ya kutafuta asili na maana ya jina la Kifaransa kabla ya kumpa mtoto

Kazi yangu ni kutafsiri vyeti vya kuzaliwa vya Kifaransa, na swali ambalo wazazi huniuliza zaidi halihusu cheti: "Jina hili maana yake nini?" Orodha nyingi za mtandaoni hujibu kwa neno moja, "shujaa" au "mrembo", na wazazi huondoka na maana isiyo ya jina lao. Mimi hufuata njia hii.

Hatua ya 1: Liandike jina na alama zake zote. Nukta mbili za Loïc zinakuambia usome "Lo-ik". Ukiziondoa, Mfaransa atasoma "lwak".

Hatua ya 2: Tafuta umbo la zamani. Hapa usiwe na haraka. Étienne halifanani na Stefano, lakini ni jina lilelile. Kigiriki ni Stephanos, yaani taji. Wasemaji wa Ufaransa ya kale walitanguliza e kabla ya s, ikawa Estienne, kisha s ikanyamaza. Guillaume nalo ni Wilhelm, "utashi" na "kofia ya chuma": w ya Wafaranki, watu wa asili ya Kijerumani walioitawala Ufaransa ya kale, iligeuka gu. Louis na Clovis pia ni jina moja la Kifaranki, lenye sehemu mbili, "sifa" na "vita".

Usiziunganishe sehemu hizo ziwe sentensi. Mara nyingi Wafaranki walichukua kipande cha jina la baba au la babu wakakiunga na kingine, ili ukoo usikike ndani ya mtoto. Mimi naona hilo ni zuri kuliko maana yoyote ya kubuni.

Dieudonné, Désiré na Espérance, yaliyozoeleka Kongo na Burundi, hayahitaji kuchimbwa. Ni Kifaransa cha wazi: aliyetolewa na Mungu, aliyetamaniwa, tumaini.

Hatua ya 3: Ukishaijua lugha, soma maana. Kigiriki kimeleta Zoé (uhai), Sophie (hekima), Chloé (chipukizi) na Marguerite, ambalo ni lulu, kwa hiyo Lulu wa kwetu ni wajina wake. Mathieu limetoka Kiebrania, zawadi ya Mungu. Maël ni la Kibretoni, lugha ya Bretagne, magharibi mwa Ufaransa: mkuu au mwana wa mfalme. René ni Kilatini, aliyezaliwa upya.

Usishtuke ukikuta Claude ni "kiwete" na Cécile ni "kipofu". Yalikuwa majina ya koo za Kirumi, baadaye yakabebwa na watakatifu, na wazazi huwaita watoto kwa ajili ya watakatifu hao.

Hatua ya 4: Angalia nani analitumia. INSEE, taasisi ya takwimu ya Ufaransa, ina faili la majina ya watoto tangu 1900. Camille na Dominique, kwa mfano, utayakuta kwa wavulana na wasichana.

Hatua ya 5: Sajili. Sheria ya 1803 ilitaka majina yaliyomo kwenye kalenda, kama ya watakatifu, au ya watu wa historia ya kale. Tangu sheria ya Januari 1993 mzazi huchagua mwenyewe, ila msajili akiona jina litamdhuru mtoto humwarifu mwendesha mashtaka. Ukijifungulia Ufaransa una siku 5 za kuandikisha. Soma herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi: kuna wazazi wa Bretagne waliohitaji mahakama ya rufaa ya Rennes, mwaka 2018, ili ñ ya jina la Kibretoni Fañch ibaki kwenye cheti cha mtoto wao.