Pampu ya Thouless kwenye laptopu, hatua kwa hatua, mpaka elektroni zinaposukumana

Hii ni kwa wanafunzi wa fizikia wa Arusha na Moshi wenye laptopu ya kawaida tu, inatosha kabisa. Mwaka 1983 mwanafizikia David Thouless alionyesha kwamba ukiibadilisha letisi (mpangilio unaojirudia wa nafasi zinapokaa elektroni) taratibu mpaka irudi ilipoanzia, chaji inayosogea kila mzunguko ni namba kamili, bila volteji yoyote, yani elektroni zinasogezana kama abiria wa kifodi, siti moja moja.

Hatua ya 1. Tumia mnyororo wa Rice-Mele, modeli rahisi ya letisi ya mstari mmoja, saiti (nafasi) 8 zilizofungwa duara, elektroni 4 spini juu na 4 spini chini. Nguvu ya kuruka ni J+δ na J−δ kwa kupokezana, nishati za saiti +Δ na −Δ, na elektroni mbili zikikaa saiti moja zinalipa nishati ya ziada U, ndio msukumano wenyewe. Weka J=1, δ=0.5cosφ, Δ=2sinφ, φ ni pembe inayoendesha mzunguko. Njia ya δ na Δ lazima izunguke sifuri, la sivyo hakuna kinachosukumwa.

Hatua ya 2. Jenga matriksi. Hali (namna za kuzipanga elektroni) ziko 70×70, yani 4900, scipy.sparse na eigsh za Python zinaimaliza fasta. Hapa kuwa makini sana: elektroni inayoruka kutoka saiti ya mwisho kurudi ya kwanza inazipita wenzake 3 wa spini ileile, kwahiyo alama inageuka kuwa hasi, ukiisahau umebadilisha masharti ya mpaka na programu haitakuambia chochote.

Hatua ya 3. Peleka φ kutoka 0 hadi 2π, vipande 60 hivi, kila mahali tafuta hali mbili za chini kabisa na uchore pengo la nishati kati yao. Naomba sana usiruke hapa ukakimbilia jibu, maana Niu na Thouless walionyesha 1984 kwamba msukumano hauivunji namba kamili mradi pengo halijafunga, kila kitu kinategemea hilo.

Hatua ya 4. Kokotoa wastani wa exp(i2πX/8), X ni jumla ya nafasi za elektroni zote, chukua fezi (pembe ya namba hiyo changamano) kwa kila φ, pitisha numpy.unwrap kuondoa miruko ya 2π, kisha gawa badiliko la mzunguko mzima kwa 2π. U=0 inatoa 2, moja kwa kila spini (alama inafuata mwelekeo wa mzunguko). U=1 bado 2. U=10 ni 0, kwasababu kukaa wawili saiti moja kunagharimu zaidi ya tofauti ya nishati za saiti jirani, 2Δ, ambayo haizidi 4, basi kila elektroni inabaki kwake. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, waliuona mvunjiko huu wa pampu kwa atomi zilizopozwa sana.

Sasa pandisha U kwa nusu nusu kutoka 4 hadi 8 ukiangalia pengo pale φ=π/2, halafu rudia kwa saiti 12, hali 853,776, hapo itachukua muda zaidi.