Kupima naitrojeni inayoachiwa na vijidudu udongoni, njia ya kuzika mfuko

Watu wengi wakipeleka udongo maabara wanarudishiwa naitrojeni jumla, wanaona namba kubwa wanafurahi, kumbe karibu yote imefungwa kwenye mboji na mahindi hayawezi kuila. Ya kumsaidia mkulima ni ile ambayo bakteria na fangasi wanaiachia ikawa amoniamu na naitreti. Unapima iliyopo leo, unapima iliyopo baada ya siku 28, unatoa. Hesabu ni ya darasa la tatu, shughuli iko kwenye kutoiharibu sampuli hapo katikati.

Subiri siku moja mbili baada ya mvua, udongo ukiuminya ushikane ila usitoe maji, maana unyevu utakaoufungia kwenye mfuko ndo utakaobaki nao mwezi mzima. Chagua sehemu 5 au zaidi shambani. Kila sehemu toa udongo wa sentimita 15 kwenda chini, mara mbili, mashimo yakiwa jirani. Wa kwanza ni wa leo, uweke kwenye deli la barafu. Wa pili tia kwenye nailoni nyembamba (rambo hazipo tangu 2019, mi natumia hizi za kufungashia vyakula), funga, rudisha kwenye shimo lake, fukia, weka kijiti. Nailoni inapitisha hewa kidogo ila haipitishi maji wala mizizi, kwa hiyo naitrojeni ikiachiwa haina pa kwenda. Zika na ya akiba, mchwa hawana huruma. Mwaka jana nilifukua 10 nikakuta 3 zimetobolewa na moja ina maji kabisa, hizo unatupa tu usijidanganye, kwenye maji naitreti inageuka gesi inapotea.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya, kuanika. Najua tumezoea, ukitoka shamba unamwaga udongo kwenye gazeti ukauke ndo uchekeche, kwa fosforasi sawa ila kwa hii hapana. Mtafiti wa udongo H. F. Birch akiwa Muguga kule Kenya miaka ya 1950 alionyesha kwamba udongo ukikauka halafu ukalowa vijidudu vinaamka kwa fujo na naitrojeni inamwagika ghafla, ndo ile neema ya mvua za kwanza ambayo aliyechelewa kupanda anaikosa. Ukianika sampuli utapima huo mlipuko badala ya shamba lako. Chekecha ukiwa mbichi, siku hiyohiyo au kesho yake, ukiwa umelala kwenye friji.

Maabara: gramu 10 za udongo mbichi, mililita 100 za potasiamu kloraidi ya 2 M (gramu 149 kwa lita), tikisa saa 1, chuja. Karatasi za kuchujia zenyewe zina amoniamu, kwa hiyo zisuuze kwanza kwa hiyohiyo potasiamu kloraidi, na chuja chupa mbili tatu zisizo na udongo ili uitoe hiyo ya karatasi kwenye majibu. Hayo maji yaliyochujwa ndo unayopima amoniamu na naitreti, usipoyapima siku hiyo yagandishe. Pembeni kausha udongo kidogo kwenye oveni ya 105°C saa 24 ujue maji yake, kwa sababu gramu 10 zako mbichi zinaweza kuwa 8.3 tu za udongo mkavu na majibu lazima yawe kwa kilo ya udongo mkavu. Siku ya 28 fukua mifuko, rudia vilevile.

Mfano: mwanzo amoniamu 4 na naitreti 9, jumla 13. Mwisho 6 na 29, jumla 35. Imeachiwa miligramu 22 kwa kilo (zote zihesabiwe kama naitrojeni, usichanganye na uzito wa naitreti nzima, hapo wengi wanateleza). Udongo wenye uzito wa gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, kina cha 15, ni kilo 1,950,000 kwa hekta, kwa hiyo unapata kama kilo 43 kwa hekta, kwa eka 17 na kitu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, linganisha mwenyewe.

Ukipata hasi usifute. Maana yake vijidudu vimekula zaidi ya vilivyoachia, na shamba lililofukiwa mabua makavu hivi karibuni mara nyingi ndo linatoa hivyo. Zika tena mifuko mipya mwezi unaofuata.