Kufungua Faili Lililobanwa na Kukatwa Vipande, na la Kufanya Linapogoma

Kazi yangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, ni kuhariri na kuhifadhi video za harusi, na shida inayoletwa dukani mara nyingi kuliko zote ni ya mafaili yaliyobanwa kisha yakakatwa vipande. Hivi karibuni mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni akiwa na flashi yenye vipande 12 vya harusi ya bintiye, na kijana wake alikuwa amekwisha kujaribu programu tatu bila kufanikiwa. Programu zote tatu zilikuwa nzima. Kipande cha 7 ndicho kilichokatika kabla ya kupakuliwa chote, na ndiyo maana ninasisitiza katika mwongozo huu kwamba uvikague vipande kwanza, kabla hujailaumu programu.

Hatua ya kwanza ni kuvikusanya vipande vyote katika folda moja, ndani ya diski ya kompyuta yenyewe na si kwenye flashi, kisha kuyasoma majina yake kwa makini. Ikiwa kompyuta yako ya Windows huficha viendelezi vya majina (herufi za mwisho baada ya nukta), iamuru ivionyeshe, kwa sababu kiendelezi ndicho kinachokueleza aina ya mkato. Majina yanayoishia kwa .7z.001, .7z.002 na kuendelea yametoka kwa 7-Zip, programu ya kubana na kufungua mafaili. Yanayoishia kwa part1.rar, part2.rar yametoka kwa WinRAR, programu nyingine ya kazi hiyo, na ukiona .z01, .z02 pamoja na faili moja la .zip, hilo ni faili la zip lililokatwa. Zipo pia rar za mtindo wa zamani, ambazo huwa na .rar moja ikifuatwa na .r00, .r01 na kadhalika.

Majina yote lazima yafanane mpaka kwenye namba. Kivinjari kikiona umepakua kitu mara mbili hukiongezea alama kama (1), na programu inayokitafuta kipande kinachofuata haitakitambua tena. Lirudishe jina kama lilivyokuwa, na usijaribu kukifungua kila kipande peke yake, kwani programu huvifuata vingine yenyewe ikikabidhiwa kile kinachostahili.

Kinachostahili ni kipi? Hapa wengi hupotea. Kwa 7-Zip ni .001, na kwa WinRAR ni part1. Kwa rar za zamani ni ile .rar yenyewe, ambayo ni kipande cha kwanza. Lakini kwa zip mambo hugeuka: faili la .zip ndilo kipande cha mwisho, na ndilo linalobeba orodha ya vyote vilivyomo, kwa hiyo hilo ndilo unalolifungua, ilhali .z01 na wenzake wakiwa kando yake katika folda hiyo hiyo.

Hatua ya pili, ambayo ningeomba usiiruke kamwe, ni kulinganisha ukubwa wa vipande kwa baiti. Aliyevikata kwa kawaida huchagua ukubwa mmoja, na vipande vyote isipokuwa cha mwisho hutoka sawa kabisa. Vile vya mama wa Likoni vilikatwa kwa megabaiti 700, yaani baiti 734,003,200 kila kimoja, lakini cha 7 kilikuwa na pungufu ya hapo. Folda ikionyesha megabaiti zilizokadiriwa tu, tofauti ndogo hujificha, hivyo bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue sifa za faili na uisome hesabu kamili. Nilimwambia, "Mama, mpigie simu mpiga picha, akutumie kipande cha saba peke yake." Alidhani angelazimika kuomba vyote 12 upya, na bando la intaneti lingeishia hapo.

Vipande vikiwa sawa kwa ukubwa na faili bado linagoma, huenda baiti zimeharibika ndani bila idadi yake kubadilika. Mwombe aliyekutumia akupe alama ya SHA-256 ya kila kipande (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili, ambao hubadilika baiti yoyote ikibadilika), kisha uitoe ya kwako kwa amri ya certutil -hashfile harusi.7z.003 SHA256 kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt), au sha256sum kwenye Linux. Kipande ambacho alama zake hazilingani ndicho cha kupakua tena.

Hatua ya tatu ni kulijaribu faili kabla ya kulifungua. 7-Zip na WinRAR zote zina amri ya kujaribu, ambayo husoma kila kitu bila kuandika chochote kwenye diski. Ujumbe unaotaja CRC una maana kwamba data iliyosomwa hailingani na hesabu iliyohifadhiwa wakati wa kubana. Kwa faili lenye nenosiri, kosa kama hilo laweza kutokana na nenosiri lililokosewa. Ujumbe wa "Unexpected end of archive" mara nyingi huashiria kipande kilichokosekana au kilichokatika. Faili la 7z huweka orodha ya yaliyomo mwishoni, kwa hiyo likikosa kipande cha mwisho huenda lisifunguke hata kidogo, ilhali rar iliyokosa cha mwisho yaweza kukupa mafaili yaliyotangulia. Rar ikigoma tangu mwanzo kwenye programu ya zamani, kumbuka kwamba muundo wa RAR5, ambao programu za kabla yake haziusomi, ulikuja na WinRAR 5.0 mwaka 2013. Na kwa usalama wako, usitumie WinRAR iliyo chini ya toleo 7.13, kwa kuwa matoleo hayo yana tundu la usalama ambalo wahalifu wamelitumia kuingiza programu hasidi.

Ukiwa na vipande vya .7z.001 na programu yako haiviunganishi, unaweza kuviunganisha mwenyewe, kwani 7-Zip hukata faili tu bila kuongeza kitu baina ya vipande. Kwenye Linux andika cat harusi.7z.* > harusi.7z, na kwenye dirisha la amri la Windows copy /b harusi.7z.001+harusi.7z.002 harusi.7z, ukivitaja vyote kwa mpangilio. Usiiache /b, kwa sababu bila hiyo kompyuta huvichukulia vipande kama maandishi na yaweza kusimama katikati. Njia hii haifai kwa rar, ambayo kila kipande chake kina kichwa chake, yaani maelezo yake ya mwanzo. Zip iliyokatwa, kwenye Linux, huunganishwa kwa zip -s 0 harusi.zip --out nzima.zip.

Kosa likitokea wakati wa kuandika, angalia nafasi: unahitaji ya vipande na ya yaliyomo kwa pamoja. Ukiwa unatoa video moja kubwa kwenye flashi yenye mfumo wa kupanga mafaili wa FAT32, itakataa faili lolote linalofika gigabaiti 4 hata kama iko tupu. Itoe kwenye diski ya kompyuta, au uibadilishe flashi iwe na mfumo wa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, maana ubadilishaji huo hufuta kila kitu.

Kipande kilichopotea kabisa huweza kuokolewa na mafaili ya .rev, iwapo aliyetumia WinRAR aliyatengeneza mapema; kila .rev moja hufidia kipande kimoja. Ninawasihi wapiga picha wenzangu wayatengeneze kila wanapotuma kazi ya harusi.

Vipande usivifute mapema. Mwaka wangu wa kwanza nilivifuta vya mteja mara tu folda ilipojaa, bila kusoma kwamba programu ilikuwa imeripoti kosa, na aliyevituma alikuwa amekwisha kuvifuta kwake. Nusu ya harusi ile haikupatikana tena, na bado inaniuma. Ya mama wa Likoni niliijaribu upya kipande cha 7 kilipofika, nikaicheza hadi mwisho naye akiwa ameketi kando yangu, nikamwekea nakala kwenye flashi ya pili, na ndipo nilipovifuta vile 12.