Makula inapochakaa kwa umri: pima kila jicho peke yake

Mzee mmoja niliyemhudumia aligundua ugonjwa wake wa makula, sehemu ya jicho inayoona katikati, kwa kujikuna. Aliziba jicho la kulia kwa kiganja akilisugua, na kwa sekunde zile chache fremu ya dirisha aliyokuwa akiitazama kwa jicho la kushoto ikapinda kama fimbo iliyotumbukizwa majini. Alipoondoa mkono, fremu ikanyooka. Akaja kliniki kesho yake, na kwa kuwa aliwahi, jicho lile bado linasoma.

Wengi hawawahi. Jicho zima hulifichia siri jicho bovu, na ubongo hujazia pengo bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana mwongozo huu unarudi mara kwa mara kwenye jambo moja: ziba moja, pima jingine.

Hatua ya 1: Jua kinachoharibika

Makula ni eneo dogo katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, lenye upana wa milimita 5 hivi. Ndilo tunalosomea, tunalotambulia sura za watu, tunalotungia uzi kwenye sindano. Kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya miaka 50, mabaki ya manjano yenye mafuta huweza kujikusanya chini yake. Madaktari huyaita druseni.

Aina ya kwanza ni kavu, na ndiyo waliyo nayo wagonjwa wengi, kama 8 au 9 kati ya 10. Chembe za makula hufa polepole kwa miaka. Ya pili ni ya majimaji: mishipa mipya dhaifu ya damu huota chini ya retina na kuvuja. Hii yaweza kuharibu uoni kwa siku au wiki chache. Na aliye na aina kavu anaweza kuamka siku moja ana ya majimaji, kwa hiyo kuambiwa "yako ni kavu" si ruhusa ya kuacha kujipima.

Ugonjwa huu hauumi. Jicho haliwi jekundu, halitoi tongotongo. Na jambo ambalo mgonjwa anapaswa kuambiwa siku ya kwanza kabisa, kabla hofu haijamlaza macho: makula ikiharibika, uoni wa pembeni hubaki. Hatakuwa gizani. Ataweza kutembea nyumbani mwake na kukwepa kiti.

Hatua ya 2: Chora karatasi ya kujipimia

Kipimo hiki kilienezwa na daktari wa macho wa Uswisi, Marc Amsler, nacho hakihitaji mashine. Chukua karatasi nyeupe, rula na kalamu nyeusi. Chora mraba wenye sentimita 10 kila upande, kisha ugawe kwa mistari ya kulala na ya kusimama, kila baada ya milimita 5. Weka kitone cheusi katikati. Ibandike ukutani usawa wa macho, mahali penye mwanga, unapopita kila asubuhi.

Vaa miwani yako ya kusomea. Simama umbali wa sentimita 30 hivi. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, maana ukilibonyeza litaona ukungu likifunuliwa na utadhani ni ugonjwa. Sasa tazama kitone, na usikiache. Hapa ndipo watu wanapokosea: macho yanatangatanga kwenye mistari kuikagua mmoja mmoja, na kipimo kinapotea. Macho yabaki kwenye kitone, akili ndiyo izunguke. Jiulize: kitone nakiona? Pembe zote nne zipo? Kuna mstari uliopinda, uliofifia, au sehemu iliyokatika kama imefutwa?

Badilisha jicho, rudia. Ukiona kasoro, chora kwenye karatasi nyingine umbo lake na uandike tarehe na jicho gani. Mchoro huo humsaidia daktari kuliko maneno "siku hizi sioni vizuri". Lakini karatasi ikionekana safi, bado nenda ukachunguzwe kwa ratiba. Kuna mabadiliko ya mwanzo ambayo mistari haiyaoneshi.

Hatua ya 3: Mistari ikipinda, usisubiri

Mpindo mpya au doa jipya katikati ni safari ya kwa daktari wa macho ndani ya siku chache, hata kama miadi yako ni mwezi ujao. Piga simu, sema wazi: "Mistari iliyonyooka naiona imepinda, jicho la kushoto, tangu juzi." Usianzie kwa kubadilisha miwani, kwani hakuna lenzi itakayonyoosha mstari uliopindwa na maji yaliyo chini ya retina.

Wengi pia hudhani ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hufanya kila kitu kiwe na ukungu, kama kioo kichafu. Ugonjwa wa makula hugusa katikati: unaona masikio ya mtu lakini uso wake umemezwa.

Utatiwa matone ya kupanua mboni, kwa hiyo uwe na wa kukurudisha nyumbani. Huenda ukapigwa picha ya tabaka za retina kwa mashine ya OCT. Usiondoke bila kuuliza aina ni ipi, imefika kiwango gani, na jicho la pili likoje.

Hatua ya 4: Sindano, na kutoiacha

Aina ya majimaji hutibiwa kwa dawa zinazozuia VEGF, protini inayochochea ile mishipa kuota: ranibizumab, aflibercept, faricimab, na bevacizumab. Hii ya mwisho ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na matokeo ya utafiti wa CATT, uliolinganisha dawa hizo mbili, mwaka 2011 yalionyesha kuwa inalinda uoni sawa na ranibizumab. Kwa kawaida ni sindano moja kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha daktari huanza kuzipa nafasi.

Ndiyo, inachomwa ndani ya jicho. Kwanza hutiwa ganzi, na wengi hunieleza kwamba walihisi kusukumwa tu. Doa la damu kwenye weupe wa jicho huisha lenyewe. Ila maumivu yanayozidi, wekundu unaoongezeka au uoni kushuka baada ya sindano ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kinachoniuma zaidi ni anayeacha sindano kwa sababu anaona vizuri. Anaona vizuri kwa sababu ya sindano.

Hatua ya 5: Sigara na vidonge

Acha sigara. Kati ya yote yaliyo mikononi mwako, hakuna linaloizidi.

Vidonge vya mchanganyiko wa AREDS2 (vitamini C na E, zinki, shaba, luteini na zeaksanthini) hupunguza kwa takriban robo uwezekano wa ugonjwa wa kiwango cha kati kufika kiwango cha juu. Havizuii ugonjwa kuanza, wala havirudishi uoni. Muulize daktari kama kiwango chako kinavihitaji. Aliyewahi kuvuta sigara akwepe vyenye beta-karotini, maana huongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Hatua ya 6: Jifunze kutazama kwa pembeni

Katikati kukishapotea, pembeni hufundishika. Mkalishe mgonjwa mbele ya saa kubwa ya ukutani, jicho moja limezibwa. Atazame katikati ya saa, kisha 12, kisha 3, 6, 9, na kila mara aseme kama katikati pameonekana vizuri zaidi. Namba inayompa picha safi ndiyo upande wake wa kutazamia. Afanye mazoezi dakika 10 kila siku, kwanza kwa herufi kubwa, baadaye maneno. Taa iwe karibu na ukurasa, ikitokea nyuma ya bega.

Akikwambia anaona watoto wamesimama chumbani au maua ukutani, usimkatize wala usidhani akili imemtoka. Charles Bonnet wa Geneva aliyaeleza maono kama hayo mwaka 1760, aliyoyaona babu yake aliyepoteza uoni. Ubongo uliokosa picha hujitengenezea zake. Mwambie hivyo, mjulishe na daktari, kisha maono yakija awashe taa, apepese macho, na ayapeleke kushoto na kulia mara kadhaa. Mara nyingi hutoweka.