Somo: Goti bandia limeshawekwa, sasa ufundishe unyayo kukanyaga

Wagonjwa wengi wakishabadilishiwa goti hulitazama goti tu: limevimba kiasi gani, linakunja mpaka wapi. Mimi huanza na ndala. Mwenye goti bovu la miaka mingi, ndala zake zimelika upande mmoja, maana mwili ulikuwa ukikwepa maumivu. Daktari akinyoosha matege, mkondo wa uzito unahama, lakini miguu inaendelea na mazoea yake. Ndiyo maana watu huchechemea hata maumivu yakiisha.

Hatua ya 1: Goti linyooke. Hapa nakazia. Goti lisiponyooka, kisigino hakitui sawasawa, unabaki kukanyagia mbele ya wayo. Ukilala, viringisha taulo uweke chini ya kisigino, kaza paja, hesabu hadi 5, legeza. Mto chini ya goti una raha yake, na ndio unaowaponza wengi: goti linazoea kukunjika.

Hatua ya 2: Gongo lishikwe mkono wa upande mzima. Goti la kulia, gongo kushoto. Nyumbani watakubishia, waache wabishe.

Hatua ya 3: Kisigino kitangulie, uzito upite katikati ya unyayo, umalizie kwa kusukuma na kidole gumba. Hatua ziwe fupi, zilingane. Kwenye ngazi, kupanda utangulize mguu mzima, kushuka, uliopasuliwa.

Hatua ya 4: Ukisharuhusiwa kuacha gongo, jipime. Hapa Dodoma, chota mchanga wa korongoni, chekecha, tandaza kidogo juu ya ardhi ngumu, ukatize mtu akiwa pembeni yako. Linganisha alama. Kisigino cha mguu uliopasuliwa kikiwa hafifu, au ukingo mmoja umezama kuliko mwingine, bado unauhurumia. Mwonyeshe mtaalamu wako wa mazoezi. Kwenye mchanga mwingi unaozamisha mguu usiende mapema.

MASWALI

Mdau wa Kongwa: Shikamoo mwalimu. Mama ana miezi miwili, anasema mguu umekuwa mrefu. Nimshonee kiatu cha kuinua?

Marahaba. Usikimbilie. Mguu uliokuwa umepinda ukinyooshwa huhisi mrefu, na mara nyingi hisia hiyo hupungua misuli ikikaza. Isipopungua, daktari apime kwanza.

Mdau wa Chang'ombe: Mguu bado unavimba jioni, ni kawaida?

Kuvimba kwa miezi kadhaa ni kawaida, ukiuinua unapungua. Ila shavu la mguu likiuma na kuvimba ghafla, au pumzi ikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo; huenda ni damu iliyoganda.

Mdau wa Kondoa: Baba yetu anataka kurudi kusujudu, na choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Kuchuchumaa kabisa, goti bandia nyingi hazifiki huko. Fundi seremala atoboe kiti kikae juu ya tundu la choo, imara, kisiteleze. Kuswali aswalie kitini kwa sasa. Habari ya kupiga goti amuulize aliyempasua.