Somo: Namna ya kusoma riwaya moja pamoja na mtoto

Naulizwa jambo hili kila mwezi, kwa hiyo naliandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nyumbani kwetu Kampala tuna Kiswahili nilichokulia katika kambi ya jeshi, Kiluganda cha mama watoto na Kiingereza cha shule; binti yetu yuko darasa la nne. Mfano wangu ni The Wild Robot ya Peter Brown, iliyotoka mwaka 2016, kwa kuwa ndiyo niliyoharibia.

Hatua ya 1. Chagua kitabu chenye sura fupi. Hiki kina sura 80, na kwa sura mbili kila jioni mtakimaliza kwa siku 40.

Hatua ya 2. Nakala moja inatosha, mkae bega kwa bega.

Hatua ya 3. Pokezaneni kila ukurasa, kwa lugha ya kitabu.

Hatua ya 4. Isome sura peke yako kabla ya kumsomea mtoto. Mimi sikufanya hivyo. Tulikuwa tumemzika bibi yake miezi miwili kabla, na nilipofika mahali ambapo roboti Roz anasababisha mawe kuporomoka na kuua familia ya bata bukini, likabaki yai moja tu, nilishtuka, nikaruka aya hizo na kumwambia kwamba Roz aliokota yai msituni. Uongo huo ulidumu wiki mbili. Kinda lililoanguliwa, Brightbill, hulelewa na Roz kama mwanawe, na baadaye ukweli kuhusu wazazi wake hujitokeza. Jioni hiyo zamu ilikuwa ya binti yangu. Alisoma kwa sauti, akanyamaza, akafunua kurasa nyuma hadi akaupata ule nilioruka. Kwa mwezi mzima alifuata kwa kidole kila neno nililosoma, kama mkaguzi wa hesabu. Basi, usiruke, wala usigeuze kifo kuwa safari. Sura nzito iahirishe hadi Jumamosi asubuhi, mwambie mapema kwamba mbele kuna msiba, kisha soma neno kwa neno.

Hatua ya 5. Mwishoni mwa sura mtoto asimulie kwa Kiswahili, nawe usikilize.

MASWALI

— Naomba PDF ya kitabu.
Sina, na ningekuwa nayo nisingeituma. Mwandishi ameandika na kuchora picha mwenyewe. Hiyo ni kazi yake.

— Tusome sura ngapi kwa siku?
Hatua ya 1, ndugu.

— Huoni kwamba unamtwika mtoto huzuni? Mimi ningeruka tu.
Nimeeleza kwamba niliruka, na nimeeleza kilichotokea. Msiba ulikuwa tayari nyumbani kwetu kabla ya kitabu kuingia.

— Shikamoo, mzee. Mwanangu huchanganya Kiswahili na Kiluganda anaposimulia. Nimsahihishe?
Marahaba, mama. Usimkatize, kwa sababu akikatizwa mara tatu ataanza kufupisha, na hadithi itakufa mdomoni mwake. Wangu alimwita yule bata «embaata» kitabu kizima, nami nikamwacha. Tulipomaliza tukafungua kamusi pamoja, tukakuta kwamba Kiswahili kinatenga bata wa kawaida na bata bukini, akafurahi kuliko ambavyo angefurahi kwa kukosolewa. Mpe daftari aandike maneno ya namna hiyo. Kitabu cha pili kilitoka mwaka 2018 na cha tatu mwaka 2023, kwa hiyo daftari litajaa. Filamu ya mwaka 2024 iacheni hadi mwisho.

— Sisi hujalidi vitabu kwa kalenda za zamani.
Nasi pia, upande mweupe ukiwa nje ili mtoto aandike jina la kitabu mwenyewe. Kunja pembe tu bila kupaka gundi, kwa maana mende huila gundi, na wakimaliza hugeukia jalada.