Ratiba ya Kamati ya Bunge hupangwa kwa kuhesabu kurudi nyuma

Katibu wa kamati anayeanza kupanga ratiba kwa kuuliza "tunaanza lini?" atafika wiki ya mwisho akiwa hana siku. Swali la kwanza ni jingine: Mwenyekiti atasimama lini bungeni kusoma maoni au taarifa ya Kamati? Ukishaipata tarehe hiyo, hesabu kurudi nyuma siku moja moja mpaka ufike siku ya kuandika barua ya wito. Mengine yote hapa chini yanasimama juu ya hesabu hiyo.

Mwaka wa Bunge la Tanzania, Dodoma, kwa kawaida una mikutano minne: Januari hadi Februari, Aprili hadi Juni, Agosti au Septemba, na Novemba. Kamati hukutana kabla ya kila mkutano, na kila msimu una kazi yake. Mkutano wa mwanzo wa mwaka ndio wa taarifa za mwaka za kamati. Machi ni ziara za kukagua miradi na uchambuzi wa bajeti. Novemba Bunge hujadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata. Mwaka wa uchaguzi mkuu huvuruga mpangilio huu, kwa hiyo usinakili kalenda ya mwaka uliopita bila kuangalia ni mwaka gani. Mikutano mingine inaweza kusogea kidogo, lakini wa bajeti hauna pa kusogea: mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na fedha lazima ziwe zimeidhinishwa kabla saa hazijagonga usiku wa tarehe 30 Juni.

Chukua mfano wa wizara ambayo hotuba yake imepangwa kusomwa Jumatano. Maoni ya Kamati yawe yamesainiwa na Mwenyekiti Jumatatu, ili yachapwe na kuingizwa kwenye vishikwambi vya wabunge kwa wakati. Ili asaini Jumatatu, wajumbe wawe wameipitisha rasimu Ijumaa. Ili waipitishe Ijumaa, iwafikie Jumatano, waisome siku mbili. Kuandika rasimu nzuri kunataka siku tatu za kazi, na ni vigumu kuandika rasimu ya maana kama uchambuzi haujafungwa. Ukifuata hesabu hiyo unakuta kwamba kikao cha mwisho na wizara kinapaswa kuwa kimeisha zaidi ya wiki moja na nusu kabla ya hotuba, na kwamba randama ya makadirio, yaani kitabu cha maelezo ya bajeti ya wizara, ilipaswa kuwa mikononi mwa wajumbe siku kadhaa kabla ya kikao cha kwanza. Hapo ndipo tarehe ya barua yako inapojulikana.

Kwenye bajeti kuna mtego mmoja ambao huwapata hata wazoefu. Kamati huchambua makadirio mwishoni mwa Machi, takwimu za mapato na matumizi zikiwa za hadi Februari. Wizara nyingine husomewa bajeti Mei. Katikati hapo fedha zimetoka Hazina, miradi imelipwa, na Waziri anasimama na takwimu za Aprili wakati Mwenyekiti anasoma za Februari. Wabunge wanasikia asilimia mbili tofauti za jambo moja. Kwa hiyo andika kila takwimu pamoja na tarehe yake, "hadi kufikia Februari", na uweke kwenye ratiba siku moja, hata nusu siku, ya kuiomba wizara takwimu mpya kabla rasimu haijasainiwa.

Angalia pia idadi ya mafungu, yaani sehemu za bajeti zenye namba zake. Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kwa mfano, ina Fungu 99 la Mifugo na Fungu 64 la Uvuvi. Ratiba inayoandika "Wizara ya Mifugo na Uvuvi, siku moja" huishia hivi: mifugo inajadiliwa hadi saa tisa alasiri, kisha uvuvi unapewa dakika arobaini, wajumbe wakiwa wamechoka na maofisa wakiangalia saa. Gawa siku kwa mafungu, si kwa wizara. Wavuvi wa Ziwa Victoria na wa Mtera nao wana haki ya kusikilizwa kabla jua halijakuchwa.

Siku ya kikao

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Saa 3:00 asubuhi wajumbe wanakutana peke yao, wizara ikisubiri nje. Mchambuzi wa Kamati anawapitisha kwenye hoja kuu, Mwenyekiti anagawa maeneo ya kuuliza. Saa 4:00 wizara inaingia: utambulisho, wasilisho lisilozidi nusu saa, kisha maswali hadi saa 7:00. Mapumziko. Saa 8:00 majibu na hoja za nyongeza. Saa 10:00 kufunga. Ile saa moja ya wajumbe peke yao ndiyo ya kwanza kukatwa muda ukibana, na kuikata ni kosa. Bila hiyo wajumbe watano watauliza swali moja kwa maneno matano, na kasma (mstari wa matumizi ndani ya fungu) yenye tatizo itapita bila mtu kuigusa.

Wizara nyingi sasa ziko Mji wa Serikali, Mtumba, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Dar es Salaam. Si mbali, lakini mtaalamu aliyesahau jedwali hawezi kulifuata na kurudi ndani ya kipindi hicho hicho. Barua ya wito iseme waziwazi: aje Katibu Mkuu ambaye ndiye Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za wizara, mkurugenzi wa mipango, mhasibu mkuu, na nyaraka hizi na hizi. Ikiandikwa tu "Wizara ifike", atakuja msaidizi ambaye kila akiulizwa atajibu, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba tulichukue." Kwa kamati za hesabu, yaani PAC (Hesabu za Serikali) na LAAC (Hesabu za Serikali za Mitaa), zinazofanyia kazi ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, jambo hili ni zito zaidi: Afisa Masuuli asipokuwepo bila sababu iliyokubaliwa, ni afadhali kuahirisha na kumpangia tarehe nyingine kuliko kupokea majibu ya mtu asiyewajibika kwa hesabu hizo. Madaraka ya kuita mtu na nyaraka yapo kwenye Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296. Mara nyingi haina haja ya kutajwa, lakini katibu awe nayo mezani.

Bunge likiwa kwenye mkutano, muda wa kamati unabaki ule wa mchana, baada ya Bunge kusitisha shughuli saa 7:00. Hapo tangazo ndilo linalobeba kikao. Lifike kwa makatibu mezani kabla kipindi cha maswali hakijaisha, maana matangazo husomwa baada yake. Liandike fupi: "Mwenyekiti wa Kamati fulani anawatangazia wajumbe wa Kamati yake kuwa leo, saa 7:15 mchana, kutakuwa na kikao katika Ukumbi wa Msekwa." Siku, saa, ukumbi. Ukiacha jina la ukumbi, robo saa ya kwanza itaishia kwenye simu. Kabla ya kupeleka tangazo hakikisha siku hiyo hakuna Kamati ya Uongozi, kwa sababu wenyeviti wote wa kamati huitwa huko na wako hatakuwepo. Akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, nayo usiiachie bahati: wapigie wajumbe asubuhi, ujue nani yuko Dodoma na nani amesafiri jimboni.

Ziara

Ratiba ya ziara huombewa kibali cha Spika mapema, ikiwa na majina, siku, mikoa na gharama. Kisha barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa mkoa. Katika kupanga siku zenyewe, kosa kubwa ni tamaa. Miradi miwili kwa siku inatosha. Wa tatu utakaguliwa kwa tochi. Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma peke yake ina kilomita 112.3. Kamati ikitaka kuiona pamoja na uwanja wa ndege wa Msalato siku moja, ichague mapema vituo vya kusimama, la sivyo siku nzima itaishia kwenye viti vya basi. Na kumbuka kwamba Machi mvua za ukanda wa kati bado hazijaisha. Makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu Oktoba yanapitisha maji, na udongo wa mbuga upande wa Bahi unakamata gurudumu likakamatika kweli. Mradi wa vijijini uwekwe asubuhi, na uwe na njia mbadala iliyoulizwa kwa watu wa barabara, TARURA (za vijijini na mijini) au TANROADS (barabara kuu na za mikoa), siku moja kabla.

Taarifa ya mkoa ipewe nusu saa na isizidi. Kila mjumbe apande basi akiwa na karatasi moja ya mradi: gharama ya mkataba, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, fedha iliyoidhinishwa mwaka huu, iliyopokelewa, na asilimia ya kazi iliyofanyika. Mjumbe mwenye karatasi hiyo akiambiwa kazi imefika asilimia 70 huku anatazama msingi mtupu, ana la kuuliza palepale. Asiye nayo atapiga makofi.

Muswada

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza na kupelekwa kwenye Kamati, weka siku tatu zisizochanganyika: wajumbe kupata maelezo ya Serikali, wadau kutoa maoni, kisha uchambuzi wa ibara kwa ibara mbele ya wataalamu wa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Muswada wa Hati ya Dharura, unaopitishwa kwa haraka, hubana muda huu, lakini siku ya wadau isiwe ndiyo inayouawa kwanza. Waombe wadau maandishi katika safu nne: ibara, inavyosomeka, inavyopendekezwa isomeke, na sababu. Anayekuja na hotuba ya kurasa kumi bila kutaja ibara hata moja anakuwa amesema, lakini Kamati haina cha kuingiza kwenye jedwali la marekebisho. Tangazo la kuwaalika litoke mapema kiasi kwamba mtu wa Kigoma aweze kutuma maandishi yake hata kama hana nauli ya kufika Dodoma.

Shughuli za kila kikao

Agenda za kawaida zinajulikana: kufungua kikao, kuthibitisha agenda, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, shughuli ya siku, mengineyo, kufunga. Nyingi hupita haraka na zinastahili kupita haraka. Muhtasari uandikwe siku hiyohiyo jioni, maamuzi yakiwa yanaonekana. Kazi ya kuandika nani alisema nini neno kwa neno ni ya Taarifa Rasmi ya Bunge. Mahudhurio yatofautishe waliokosa kwa taarifa na waliokosa bila taarifa.

Lakini yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa yaliyoamuliwa vikao vilivyopita, si ya kupitisha haraka. Humo ndimo maagizo ya Kamati yanamoishi au kufia. Mengi hufa kwa sababu yaliandikwa vibaya tangu mwanzo. "Wizara iharakishe ukamilishaji wa mradi wa maji" si agizo. Wizara itajibu kwamba inaharakisha, na itakuwa imesema kweli. Andika hivi: "Wizara iwasilishe kwa Kamati, kabla ya tarehe 31 Januari, jedwali la hati za madai za mkandarasi wa mradi huu, likionyesha zilizopokelewa, zilizolipwa na zinazodaiwa, pamoja na tarehe ya kila moja." Agizo hilo lina mhusika, kitu cha kuleta na siku. Tarehe ikipita, kila mtu anaona.

Maagizo yote yaingie kwenye bango kitita moja, yaani jedwali la ufuatiliaji, lenye namba ya agizo, tarehe ya kikao, agizo lenyewe, mhusika, siku ya mwisho, jibu lililopokelewa, na uamuzi wa Kamati juu ya jibu hilo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo huachwa wazi mara nyingi. Barua ya wizara ikifika, katibu huandika "limejibiwa" na agizo linafungwa, wakati barua inasema tu kwamba suala "linaendelea kufanyiwa kazi". Agizo hufungwa na Kamati ikiwa kikaoni, baada ya kuona kilichofanyika. Barua peke yake hailifungi. Kabla ya kila msimu wa vikao chuja bango kitita, toa maagizo yaliyopitwa na tarehe, na uyaweke ya kwanza kwenye agenda wizara husika ikija.

Kabla Mwenyekiti hajafunga kikao, mwombe dakika tano usome maagizo ya siku hiyo kwa sauti, wizara ikiwa bado ukumbini. Mabishano ya "hatukuelewa hivyo" yaishe hapo. Barua itoke kesho yake asubuhi ikiwa na maneno yaleyale.

Ujumbe wa kamati hudumu nusu ya uhai wa Bunge, kisha Spika huziunda upya na wenyeviti kuchaguliwa tena. Kamati mpya ikikutana mara ya kwanza, iwekee mezani vitu vitatu: bango kitita likiwa na maagizo ambayo hayajafungwa, orodha ya miradi iliyokaguliwa na tarehe zake, na kalenda ya mwaka iliyokwisha hesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe 30 Juni.